Nzuri Kupita Nini?

Katika mtihani wa sarufi ya Kiingereza mwishoni mwa mwaka wangu wa tatu nilipata 17 kwa 20. Zaidi ya nusu ya maswali yalihusu namna ya kulinganisha: "than" na "as", "less" na "fewer", "better" na "best". Nilijivuna, siwezi kuficha. Miezi mitatu baadaye nilisimama chini ya mwembe katika kijiji kimoja kando ya barabara ya Likasi, mbele ya watu wapatao themanini, nikiwa mkalimani wa siku mbili wa kampuni moja ya madini, nikatafsiri vibaya sentensi moja ya ulinganisho. Haikuwa sentensi ngumu. Kila neno lililokuwamo nililijua tangu shule ya sekondari.

Nitaisimulia, lakini nianzie darasani, kwa sababu kosa lenyewe lilitokana na mambo ambayo nilidhani nimekwisha kuyamaliza huko.

Sisi wanafunzi wa Kiingereza wa Lubumbashi hatuingii katika lugha hiyo mikono mitupu. Nyumbani tuna Kiswahili chetu, na wengine kabla yake wana Kibemba, Kisanga au Kiluba. Shuleni tumefundishwa kwa Kifaransa. Kiingereza kinakuja kukaa juu ya hizo zote, na kila kosa tunalolifanya lina mzazi wake miongoni mwao. Chukua lile la kwanza kabisa: "She is taller that me." Mwalimu wetu alilisahihisha kila wiki na kila wiki lilirudi. Kifaransa kina neno moja, "que", linalofanya kazi mbili. Linaunganisha sentensi, pale tunaposema kwamba fulani amefika, na pia linatangulia yule anayelinganishwa naye: "plus grande que moi". Kiingereza kimezigawa kazi hizo, "that" ikapewa ya kwanza na "than" ya pili. Anayetafsiri kichwani kutoka Kifaransa anashika lolote lililo karibu. "Que" hiyohiyo ndiyo inayotupa "as tall than me", maana Mfaransa anasema "aussi grande que", naye Mwingereza analirudia neno lake: "as tall as". Dawa niliyoipata mwenyewe ni kuacha kabisa kufikiria "que". "Er" na "more" huenda na "than". "As" huenda na "as". Basi.

Kosa la pili, "more better", hutufanya tuonekane hatukusoma. Wapo wanaodhani ni ugonjwa wa Waafrika. Si kweli. Hata watoto wa Ufaransa hukanywa wasiseme "plus meilleur", na katika tamthilia za Shakespeare ulinganisho maradufu wa namna hiyo umo, na wakati wake haukuwa aibu. Baadaye wanasarufi waliamua kwamba "better" tayari imebeba "more" tumboni, na kumwongezea nyingine ni kumvika mtu makoti mawili. Ila tukumbuke pia kwamba "better" yao ni moja tu, wakati Kifaransa kina "meilleur" kwa jina na "mieux" kwa kitendo. Hapo Kiingereza kimetupunguzia mzigo, nasi badala ya kufurahi tunatafuta neno la pili ambalo halipo.

Kuna mahali ambapo Kifaransa kinatusaidia kweli. "Superior", "inferior", "senior" na "junior" hazitaki "than", zinataka "to", na anayekumbuka "supérieur à" hatakosea. Kuna mahali pengine kinatupoteza bila sisi kujua. Mfaransa husema mrefu kabisa "wa darasa". Mwingereza husema "in the class", na "of" huiweka kwa watu wanaohesabiwa, "the tallest of the four". Tena wakiwa wawili tu, Mfaransa anaendelea kusema "le plus grand des deux", lakini sarufi tuliyofundishwa inataka "the taller of the two". Nilidhani kanuni hiyo ya wawili ni mapambo ya vitabuni. Nitakuja kuieleza niliikuta wapi tena.

Na Kiswahili je? Kwa miaka mitatu hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba Kiswahili kinaweza kunisaidia katika Kiingereza. Nilikuta mwenyewe, nikirudia masomo usiku pamoja na mdogo wangu wa kike, umeme umekatika, tochi ya simu imewekwa juu ya sufuria. Aliniuliza tofauti ya "fewer" na "less". Kifaransa kina "moins de" tu. Nikamwambia afikirie Kiswahili cha darasani: watu wachache, maji kidogo. Penye "wachache" weka "fewer", penye "kidogo" weka "less". Alinyamaza kidogo, akasema, "Yaya, lakini siye tunasema batu kidogo, mayi kidogo." Ni kweli. Kiswahili chetu cha Lubumbashi kimeziunganisha, kama Kifaransa. Basi ilibidi ajifunze Kiswahili cha vitabuni ili aelewe Kiingereza, na jambo hilo lilimchekesha mpaka tukazima tochi.

Usiku huohuo tulifika kwenye "those of". Hili ni swali linalowasumbua hata wanaozungumza Kiingereza tangu kuzaliwa. Ukiandika "The streets of Lubumbashi are wider than Likasi", umelinganisha barabara na mji mzima. Inatakiwa "than those of Likasi". Mwalimu alilieleza kwa nusu saa na kuchora duara mbili ubaoni. Lakini mtu aliyezoea Kiswahili sanifu hahitaji duara. Barabara za Lubumbashi ni pana kuliko za Likasi. Ile "za" ndogo ndiyo "those of". Kiswahili kinakulazimisha useme ni barabara zipi unazozilinganisha na zipi. Ukiisahau, sikio lenyewe linakushtaki.

Sikio hilohilo lakini haliwezi kukuokoa katika "Mama ananipenda kuliko baba." Je, mama ananipenda mimi, na baba anampenda kidogo? Au wote wawili wananipenda, ila mama amezidi? Nilipomwambia mdogo wangu sentensi hiyo alisema zote mbili ni kweli nyumbani kwetu. Vitabu vya zamani vya sarufi vilitegemea "than he" na "than him" kutenganisha maana hizo. "He" ni mpendaji, "him" ni mpendwa. Watu siku hizi wanasema "than me" na "than him" kwa yote, na mtihani bado unataka "than I". Usipoteze usingizi. Ongeza kitenzi kidogo mwishoni, "more than my father does", na ubishi unakwisha. Hivyo ndivyo ninavyofanya mpaka leo, katika mtihani na nje ya mtihani.

Sasa nifike kwenye neno lililonishinda.

Kiswahili sanifu husema "mrefu kuliko mimi". Ukiivunja hiyo "kuliko" unapata ku-li-ko, mahali penye kuwa. Kama kwamba urefu wake unapimwa kwa kusimama pale nilipo mimi. Siye wa Lubumbashi tunaijua "kuliko", lakini kinachotoka kinywani kwa haraka ni "kupita". Iko mulefu kupita mimi. Muke wake anapika muzuri kupita mama yake. Tunatumia kitenzi, kitendo cha mtu anayetembea njiani na kumwacha mwenzake nyuma. Si sisi peke yetu. Mholanzi Leon Stassen, katika kitabu chake cha 1985 juu ya ulinganisho katika lugha za dunia, alionyesha kwamba lugha nyingi, hasa za Afrika na za Asia ya kusini-mashariki, hulinganisha kwa kitenzi cha kupita au kuzidi. Nilikisoma katika nakala iliyopigwa fotokopi ambayo kurasa zake za mwisho hazikuwapo, nikafurahi kukuta jambo la nyumbani limepewa jina na kuwekwa katika jedwali.

Lakini jedwali halikuniambia jambo ambalo mzee mmoja aliniambia baadaye bila kulitaja. Kitenzi "kupita" cha namna hii kinadai mtu wa kupitwa. Huwezi kupita hewa. Ukisema "hii inapita" ukanyamaza, anayekusikiliza atangoja. "Better" haidai. Inaweza kukaa mwisho wa sentensi peke yake, imevaa vizuri, na hakuna anayeiuliza imetoka wapi. Nenda Kasumbalesa, pale mpakani na Zambia, usome yaliyoandikwa ubavuni mwa malori na juu ya mifuko ya sabuni: safi zaidi, imara zaidi, rahisi zaidi, kwa Kiingereza, na hakuna hata "than" moja. Kifaransa nacho kinaweza. Tusijifanye malaika, Kiswahili sanifu pia kina "zaidi" inayoweza kuachwa bila mwenzake, na sisi wenyewe lugha ya shule tunaiita "Kiswahili bora" bila kusema ni bora kuliko kipi, ingawa kila mtu aliyekulia Kenya, Katuba au Kamalondo anajua ni kipi. Ila "kupita" haina njia ya kukwepa.

Siku ya mkutano, mshauri wa kampuni, mtu mpole aliyetoka Afrika Kusini, alizungumza polepole ili nimfuate. Kijiji kilikuwa karibu na mahali palipotakiwa kuchimbwa, na watu walipaswa kuhamia umbali wa kilomita kama tisa. Alieleza ratiba, akaeleza malori ya kubebea vitu, halafu akasema: "The new houses will be better, and nobody will be worse off."

Sentensi hiyo ina ulinganisho mara mbili, na mara zote mbili kitu cha kulinganishwa nacho hakimo. Katika mtihani ningepewa sentensi ya namna hiyo niikosoe ningeandika: ulinganisho haujakamilika. Mbele ya watu sikuona chochote. Nilisema: "Manyumba ya mupya itakuwa muzuri, na hakuna mutu atateseka." Nzuri, si nzuri kuliko. Hatateseka, si hali yake haitakuwa mbaya kuliko ya leo. Niliutoa ulinganisho wote nikaacha sifa tupu.

Mzee mmoja, ambaye nitamwita papa tu kama nilivyomwita siku ile, aliinua mkono. Akasema: "Mutoto yangu, unasema muzuri. Muzuri kupita nini?"

Hilo ndilo swali ambalo mwalimu wetu alituandikia ubaoni mwaka wa pili, "better than what?", na hapa lilikuwa limesemwa na mtu ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, hakumaliza shule ya msingi. Kazi yangu ilikuwa kugeuka na kumwuliza mshauri. Hilo tu. Kulikuwa na jua, watu walikuwa wamechoka, mimi niliona jibu liko wazi kiasi kwamba kuuliza ni kupoteza muda. Nikamjibu mwenyewe: "Kupita hii yenu, papa." Watu wakapiga makofi. Mshauri, aliposikia makofi, alitabasamu na kuendelea.

Hakuna aliyeona. Nililipwa, nikarudi Lubumbashi jioni ileile, nikamnunulia mama kilo tano za unga wa bukari.

Nilirudi kijijini karibu mwaka mmoja baadaye, si kwa kazi. Mwanafunzi mwenzangu ana mjomba aliyehamishiwa huko, nikamsindikiza. Nyumba zilikuwa zimejengwa kwa safu, matofali ya sementi, mabati, sakafu ya sementi, madirisha yenye vioo. Ukiziweka kando ya nyumba za udongo za zamani, ukuta kwa ukuta, ni nzuri. Wa kampuni hakusema uongo. Lakini kila lupango, yaani kiwanja chenye nyumba na ua wake, kilikuwa kimepungua. Jiko la nje halikuwapo. Miembe haikuwapo, na mwembe haujengwi kwa sementi. Papa alinitambua kabla sijamtambua. Hakunigombeza. Aliniletea kiti, akanipa maji, akamwambia mkewe: "Ni ule mutoto wa inivesite, ule alisema kupita hii yetu."

Sijui kama kuna njia ya kukaa vizuri juu ya kiti baada ya kusikia hivyo.

Niliyajua mambo mawili palepale. La kwanza, kwamba ahadi waliyokuwa wakiidai kwa mwaka mzima, na ambayo ofisi ya kampuni ilikuwa ikijibu kwamba haimo katika karatasi zake, ilikuwa ahadi yangu. Mshauri hakuitoa. "Than" ilikuwa yangu. La pili, lililonitesa zaidi, kwamba kama ningefanya kazi vizuri na kumwuliza, huenda angejibu: bora kwa ukuta na paa. Hapo papa angeuliza: na lupango je? Na lingejibiwa siku ile, chini ya mwembe, mbele ya mashahidi themanini, kabla hakujachimbwa hata msingi mmoja.

Niliporudi mjini nilitafuta kujua ulinganisho huo unatakiwa kuwaje katika sheria na kanuni za namna hii. Sheria yetu ya madini ya 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, imeandikwa kwa Kifaransa. Kanuni ambazo makampuni ya kimataifa hupenda kuzitaja ni za Kiingereza. Shirika la Fedha la Kimataifa, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha makampuni, katika kanuni yake ya tano ya 2012 linataka maisha ya waliohamishwa yaboreshwe au yarudishwe yalivyokuwa. Sera ya zamani zaidi ya Benki ya Dunia yenyewe, inayojulikana kwa namba 4.12 na iliyotolewa 2001, ilikuwa wazi zaidi. Ilitaja vipimo viwili vya kulinganisha: hali kabla ya watu kuhamishwa, na hali kabla ya mradi kuanza, na ikasema kichukuliwe kile kilicho juu kati ya hivyo viwili. Neno walilolitumia ni "higher", si "highest". Vipimo ni viwili. Ndiyo ile kanuni ya "the taller of the two" niliyodhani ni mapambo. Aliyeiandika sera hiyo alijua kwamba mradi ukitangazwa tu, watu huacha kupanda na kukarabati, na hali yao huanza kushuka kabla hata lori halijafika. Ukilinganisha na siku ya kuhama tu, umelinganisha na hali iliyokwisha kuharibika. Nilikaa na ukurasa huo muda mrefu. Kumbe "than" inaweza kuwa tarehe.

Niliandika barua kwa papa kupitia mwenzangu, nikamweleza nililolifanya. Niliandika kwa Kiswahili chetu, kwa sababu kumwomba mtu msamaha kwa Kiswahili bora ni kama kuja kwake na tai. Jibu lake lilikuwa ujumbe wa sauti wa sekunde kama kumi: nije Jumapili na karatasi.

Jumapili hiyo tulikuwa watu saba. Papa alikuwa ameazima utepe wa kupimia wa fundi seremala. Lupango chake cha zamani alikuwa amekipima mwenyewe kwa hatua kabla ya kuhama. Alikuwa na namba hizo nyuma ya kalenda ya kanisa: 42 kwa 30. Tulipima hatua yake kwa utepe, ilikuwa pungufu kidogo ya mita, tukapima na kile kipya kwa hatua zilezile ili tusichanganye vipimo: 25 kwa 20. Piga hesabu. Hatua za mraba 1,260 na 500. Kama mara mbili na nusu.

Kisha ikaja kazi yangu, na nakiri sijawahi kuogopa sentensi ya Kiingereza kama ile. Barua ilitakiwa iende kwa ofisi inayosoma Kiingereza. Kuna watu wanaoandika "two and a half times larger than", na wapo wasomaji watakaoelewa kwamba kimezidi kwa mara mbili na nusu, yaani jumla mara tatu na nusu. Wanasarufi wanabishana juu ya hilo na sidhani watakubaliana karibuni. Sikutaka ubishi wao uingie katika lupango ya papa. Niliandika "two and a half times as large as", ambayo haina ubishi. Sikuandika "as large as the new village". Niliandika "as large as those we have been given", nikiisikia ile "za" ya Kiswahili nyuma ya "those". Penye miti, ambayo shefu aliihesabu mmojammoja, niliandika "fewer". Penye maji ya kisima, "less". Mdogo wangu angecheka.

Tulipima lupango 31. Kwa 26 watu walikumbuka vipimo vya zamani au walikuwa na alama. Kwa zile tano papa alikataa tuandike chochote. Mama mmoja alitaka tuseme lupango yake ya zamani ilikuwa kubwa kupita zote za kijiji. Nikamwuliza, mama, zote, pamoja na ya shefu? Akafikiri, akamtazama shefu, akasema: kupita zote isipokuwa moja. Kiingereza kina sentensi yake kwa hilo, "larger than any other but one", na niliiandika kwa furaha ambayo haikulingana na siku yenyewe.

Nilipomaliza papa alitaka nimsomee kila sentensi kwa Kiswahili, moja baada ya nyingine, naye alikuwa akirudia kwa sauti kila penye "kupita" na kungoja nimtajie kinachopitwa. Mara mbili nilikuta sikukitaja. Nilirekebisha kwa kalamu, palepale, pembeni ya mstari, na mwenzangu akanakili upya.

Akaniuliza mwisho kama neno lile la mshauri, "better", limo. Nikasema halimo hata mahali pamoja. Akasema sawa.

Barua ilipelekwa kwa mkono. Wiki tatu baadaye ikaja karatasi ya Kifaransa yenye mistari minne: ombi limepokelewa, linachunguzwa, na kampuni inatafuta "une meilleure solution". Papa alinipigia simu nimfasirie. Nilipofika kwenye maneno hayo sikuyageuza kuwa kitu kingine. Nilimwambia wanasema wanatafuta njia iliyo nzuri kupita, halafu wamenyamaza, hawakuandika kupita nini. Alinyamaza naye kidogo, nikasikia jogoo nyuma yake. Tunaiandika barua ya pili Jumapili hii. Anataka swali hilo liwe mstari wa kwanza, na vipimo vya zile lupango 26 vifuate.